Kwa Nini Ubao Huvimba Unapolowa Maji

Chombo kinachovuja

Ukitembea ufukoni mwa Bahari ya Hindi, kama vile Bagamoyo, Kilwa, Unguja au Lamu, utaona vyombo vya mbao vya namna nyingi: ngalawa, mashua na majahazi. Baadhi yake huelea majini. Vingine vimepandishwa pwani ili mafundi wavitengeneze. Chombo kikikaa nchi kavu kwa wiki nyingi, kikipigwa na jua na upepo, mbao zake hukauka. Hapo utaweza kuona nafasi nyembamba kati ya ubao na ubao. Chombo hicho kikishushwa baharini, maji huingia kwa kupitia katika nafasi hizo, na mabaharia hulazimika kuyafua mara kwa mara.

Lakini ngoja siku moja au mbili, kisha ukitazame tena. Maji yanayoingia yamepungua sana. Hakuna fundi aliyepigilia msumari, wala hakuna aliyeongeza ubao. Nafasi zimejifunga. Ni kitu gani kilichozifunga? Ni maji yenyewe!

Nahodha anayeelewa jambo hili hafanyi haraka. Hukiacha chombo katika maji ya kina kifupi karibu na pwani, akangoja mpaka mbao zishibe maji. Nahodha asiyelielewa aweza kupakia mizigo na abiria siku ile ile, akatweka tanga na kuondoka. Wakiwa mbali na nchi kavu, maji yakaingia kwa wingi kuliko yanavyofuliwa, roho za watu zitakuwa hatarini.

Katika somo hili utajifunza kwa nini ubao huvimba unapolowa, huvimba kwa upande gani, na jinsi mafundi wanavyoitumia elimu hiyo. Utafanya pia majaribio matatu kwa mikono yako mwenyewe.

Ubao umetengenezwa kwa kitu gani?

Umekwisha kujifunza kwamba viumbe vyote vyenye uhai vimejengwa kwa seli. Mti nao umejengwa kwa seli. Lakini seli nyingi za shina la mti si za mviringo kama punje ya mtama. Ni ndefu na nyembamba, na zimesimama kufuata urefu wa shina, kama mabomba mengi madogo yaliyofungwa pamoja katika mzigo mmoja. Kila bomba lina ukuta wake, na katikati yake mna uwazi. Katika mti ulio hai, maji hupanda kutoka mizizini hadi majanini kwa kupitia katika mabomba hayo.

Mabomba hayo ni madogo mno. Katika mti wa msonobari, seli moja huwa na urefu wa milimita 3 au 4 hivi. Upana wake ni mdogo zaidi. Ukizipanga seli kama 30 ubavu kwa ubavu, zitaenea katika milimita moja tu ya rula yako. Ndiyo sababu huwezi kuziona seli hizo kwa macho matupu. Hata hivyo, ukiutazama ubao uliopasuliwa utaona mistari inayofuata urefu wake. Mistari hiyo yakuonyesha mwendo wa nyuzi za mti.

Sasa tuutazame ukuta wa seli. Sehemu kubwa ya ukuta huo ni kitu kiitwacho selulosi. Mwaka 1838 mwanakemia wa Ufaransa, Anselme Payen, aliweza kuitenga selulosi kutoka katika mimea na kuichunguza. Leo twajua kwamba karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni selulosi. Kitu kingine kilichomo ukutani ni lignini, ambayo huzishikamanisha nyuzi za selulosi kama saruji inavyoshikamanisha matofali.

Selulosi imejengwa kwa sehemu ndogo sana zilizoungana moja baada ya nyingine, kama shanga nyingi zilizotungwa katika uzi mmoja. Nyuzi za namna hiyo hulala pamoja, zimesongamana bega kwa bega. Nyingi kati yake zimeelekea upande mmoja, yaani kufuata urefu wa seli, na kwa hiyo kufuata urefu wa mti. Likumbuke sana jambo hili, kwa maana ndilo litakalotufumbulia mambo mengi katika somo hili.

Maji huenda wapi?

Ukiutumbukiza ubao mkavu ndani ya maji, maji huenda mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni ndani ya kuta za seli. Selulosi huvuta maji kwa nguvu. Chembe ndogo sana za maji hupenya kati ya uzi na uzi, zikashikamana na selulosi, na kuzisukuma nyuzi ziachane kidogo. Hapo kuta za seli hunenepa, na ubao mzima huvimba.

Mahali pa pili ni ule uwazi ulio katikati ya kila seli. Maji yanayojaa katika uwazi huo hayazisukumi nyuzi. Huufanya ubao uwe mzito tu, kama maji yanavyoufanya mtungi uwe mzito bila kuupanua.

Ubao uliokaushwa kabisa wenye uzito wa gramu 100 huweza kupokea maji ya gramu 30 hivi katika kuta za seli zake. Kuta zikisha kushiba, ubao hauvimbi tena, hata ukikaa majini mwaka mzima. Waweza kuzidi kuwa mzito, lakini hauzidi kuwa mpana.

Pengine utauliza: ikiwa maji huingia kati ya nyuzi za selulosi, mbona ubao hauyeyuki kama sukari? Sababu ni kwamba nyuzi hizo ni ndefu, na katika sehemu nyingi zimeshikana kwa nguvu sana hata maji hayawezi kupenya. Tena lignini huzifunga pamoja. Maji huzitenga nyuzi kidogo tu, lakini hayawezi kuzitawanya.

Huvimba kwa upande gani?

Chukua kitabu chako na ukitazame. Fikiri kwamba umeingiza kipande cha karatasi kati ya kila ukurasa na ukurasa unaofuata. Kitabu kitakuwaje? Kitanenepa. Je, kurasa zake zitakuwa ndefu zaidi? La, urefu wake hautabadilika.

Ubao nao huwa hivyo hivyo. Maji huingia kati ya nyuzi, si katika ncha zake. Kwa hiyo nyuzi hutengana ubavuni, lakini urefu wake haubadiliki. Ndiyo maana ubao huvimba kwa upana na kwa unene, bali kwa urefu huongezeka kidogo mno. Katika miti mingi, badiliko la urefu kati ya ubao mkavu kabisa na ubao ulioshiba maji ni sehemu 1 au 2 tu katika kila sehemu 1,000. Badiliko la upana laweza kufikia sehemu 4 mpaka 8 katika kila sehemu 100.

Usiyaamini maneno haya kwa sababu tu yameandikwa kitabuni. Yapime wewe mwenyewe.

Jaribio la kwanza: Kupima ubao unaovimba

Vifaa: ubao mwembamba na mkavu wa msonobari wenye upana wa sentimita 15 au zaidi, rula, kalamu ya risasi, mizani, na ndoo ya maji. Mwombe mwalimu au fundi seremala awakatie ubao huo.

Njia: Kateni vipande viwili kutoka katika ubao huo huo. Kipande A kiwe na urefu wa sentimita 15 kufuata mwendo wa nyuzi, na upana wa sentimita 3. Kipande B kikatwe kwa kukingama nyuzi: sentimita 15 zifuate upana wa ubao, na sentimita 3 zifuate mwendo wa nyuzi. Pimeni kila kipande kwa uangalifu, tena kipimeni uzito. Andikeni vipimo vyote daftarini. Kisha vitumbukizeni vipande vyote viwili katika ndoo, mkavigandamize kwa jiwe ili visielee. Baada ya siku mbili vitoeni, vifuteni, na kuvipima tena.

Matokeo: Mtaona kwamba vipande vyote viwili vimekuwa vizito zaidi. Kipande B kimeongezeka urefu kwa milimita kadhaa. Kipande A hakikuongezeka urefu wa kuweza kuonekana kwa rula, ingawa upana wake umeongezeka kidogo.

Hitimisho: Vipande vyote viwili vimetoka katika ubao mmoja na vimekaa katika maji yale yale. Tofauti yake ni mwelekeo wa nyuzi peke yake. Basi ubao huvimba kwa kukingama nyuzi, wala si kwa kuzifuata.

Jaribio la pili: Njiti inayojinyosha

Vifaa: njiti ya kibiriti iliyotolewa kichwa, chupa tupu yenye mdomo mpana kidogo, na tone la maji.

Njia: Ivunje njiti katikati, lakini usiitenganishe. Ikunje mpaka ncha zake mbili zikaribiane. Ilaze juu ya mdomo wa chupa. Kisha dondosha tone moja la maji mahali pale ilipovunjika. Usiiguse tena, itazame tu.

Matokeo: Baada ya muda mfupi njiti itaanza kusogea yenyewe. Ncha zake zitaachana polepole, kana kwamba kuna mtu anayeinyosha. Huenda ikafunguka kiasi cha kutumbukia ndani ya chupa.

Hitimisho: Ulipoikunja njiti, nyuzi za upande wa ndani zilibanwa na kukunjamana. Zilipopata maji zilivimba, na kwa kuwa hazikuwa na nafasi, zilizisukuma pande zote mbili za njiti. Umeona kwa macho yako kwamba ubao unaovimba una nguvu ya kusukuma kitu.

Nguvu hiyo ni kubwa kuliko unavyodhani. Zamani, kabla ya kuwako kwa mashine za kuchimbia mawe, wachonga mawe katika nchi kadhaa walipasua miamba kwa kutumia kabari za mbao. Walitoboa matundu katika mwamba kwa kufuata mstari mmoja, wakapigilia kabari zilizokauka vizuri, kisha wakazimwagia maji. Kabari zilivimba zote pamoja, na mwamba ukapasuka kwa kufuata mstari wa matundu.

Fundi wa vyombo na kazi yake

Sasa twaweza kueleza kwa nini chombo kilichokauka huacha kuvuja. Mbao za jahazi hupangwa kwa kufuata urefu wa chombo, ubao mmoja juu ya mwingine. Kwa hiyo zinapovimba kwa upana, kila ubao humsogelea jirani yake. Ubao wenye upana wa sentimita 20 ukiongezeka kwa sehemu 2 tu katika kila 100, huongezeka milimita 4. Nafasi nyembamba kati ya mbao hufungika kabisa.

Lakini fundi hayategemei maji peke yake. Hutia kalafati, yaani hushindilia pamba iliyolowekwa katika mafuta ndani ya kila nafasi. Chombo kikiingia majini, mbao huvimba na kuibana pamba hiyo kutoka pande zote mbili. Hivyo maji ya bahari, ambayo ni adui wa chombo, hugeuka kuwa msaidizi wa fundi.

Hata hivyo lazima fundi awe na kipimo. Akishindilia pamba nyingi mno katika chombo kilichokauka sana, mbao zitakapovimba hazitakuwa na pa kwenda. Zitasukumana kwa nguvu ile ile uliyoiona katika njiti ya kibiriti. Misumari yaweza kung'oka, na hata mataruma yanayozishikilia mbao yaweza kuvunjika. Chombo kilichokazwa kupita kiasi huharibika kama kile kilicholegea.

Zamani, kabla misumari ya chuma haijaenea, watu wa pwani yetu waliunda vyombo vilivyoitwa mitepe. Mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Makumbi nayo yana selulosi. Mafundi hao hawakulijua neno selulosi, lakini waliijua tabia ya mbao na kamba, na wakaitumia.

Mlango usiofunguka wakati wa masika

Huenda umepata kuona mlango au dirisha ambalo hufunguka kwa urahisi wakati wa kiangazi, lakini wakati wa masika hukwama. Pengine mlango huo hata haukunyeshewa na mvua. Basi maji yametoka wapi?

Maji yametoka hewani. Hewa huwa na mvuke wa maji ndani yake, na wakati wa mvua mvuke huo huwa mwingi. Selulosi huvuta mvuke huo kama inavyovuta maji. Hewa ikikauka, ubao huurudisha mvuke hewani na kunywea, yaani hupungua upana wake. Kwa hiyo ubao haukai vile vile mwaka mzima. Huvimba na kunywea kwa kufuata majira.

Seremala mwenye busara huzingatia jambo hilo. Huacha nafasi ndogo kati ya mlango na fremu yake. Akitengeneza mlango wenye kibao kipana katikati, hakipigilii misumari wala hakitii gundi pembeni. Hukiingiza kibao hicho katika mfereji uliochimbwa ndani ya fremu, ili kiweze kuvimba na kunywea bila kupasuka. Rangi na mafuta husaidia kwa kuuchelewesha mvuke usiingie upesi, lakini haviwezi kuuzuia kabisa.

Mtu mwenye haraka huchukua randa na kuupunguza mlango uliokwama katikati ya masika. Je, wadhani itakuwaje kiangazi kitakapofika? Mlango utanywea, na nafasi kubwa itabaki pembeni yake. Ni afadhali kungoja, au kupunguza kidogo sana.

Kwa nini mbao hupasuka na kupinda?

Mti uliokatwa sasa hivi umejaa maji. Mbao zake zikianikwa juani mara moja, sehemu ya nje hukauka na kunywea upesi, hali sehemu ya ndani bado imelowa na imevimba. Sehemu ya nje huvutwa kwa nguvu mpaka ikapasuka. Ndiyo sababu mafundi hupanga mbao mbichi kivulini, chini ya paa, na kuweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Kazi ya kukausha huchukua miezi mingi, lakini mbao zilizokaushwa hivyo huwa imara.

Tena ubao hauvimbi wala haunywei sawasawa kwa kila upande. Ukilitazama gogo la msonobari lililokatwa, utaona miviringo mingi iliyozunguka moyo wa mti. Katika miti mingi, ubao hunywea kwa kuufuata mviringo karibu mara mbili kuliko unavyonywea kutoka moyoni kuelekea kwenye gome. Kwa hiyo ubao mpana uliokatwa pembeni mwa gogo hupinda unapokauka. Kingo zake mbili huinukia upande uliokuwa karibu na gome, ukafanana na sahani isiyo na kina.

Miti hutofautiana. Mninga unapendwa sana na maseremala kwa sababu huvimba na kunywea kidogo tu kuliko miti mingi. Kabati au kitanda cha mninga kilichotengenezwa vizuri hukaa miaka mingi bila kupinda.

Mpini wa jembe

Jambo hili lakuhusu wewe mwenyewe kila uendapo shambani. Jembe lenye tundu la chuma hushikiliwa na mpini wa mti. Mpini ukikauka, hunywea, na jembe hulegea. Mkulima akiinua jembe la namna hiyo kwa nguvu, chuma chaweza kuchomoka na kumpiga mtu aliye karibu. Shoka hulegea vivyo hivyo, na hatari yake ni kubwa zaidi.

Watu wengi hulitumbukiza jembe lililolegea katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi hulikuta limekaza. Wewe sasa waijua sababu: mpini umevimba. Lakini je, dawa hiyo ni nzuri?

Fikiri vizuri. Tundu la chuma halipanuki. Mpini unapovimba ndani yake, nyuzi za mti hazina pa kwenda, nazo hubanwa mpaka zikapondeka. Mpini ukikauka tena, zile nyuzi zilizopondeka hazirudi katika hali yake ya kwanza. Mpini huwa mwembamba kuliko ulivyokuwa kabla ya kuloweshwa, na jembe hulegea zaidi. Mkulima hulitia tena katika maji, na nyuzi hupondeka tena. Basi maji hukaza jembe leo na kulilegeza kesho.

Dawa iliyo bora ni hii. Tumia mpini uliokauka vizuri kabla ya kuuchonga. Uchonge mpaka ulingane na tundu barabara. Kisha pigilia kabari ya mti mgumu uliokauka, au ya chuma, katika ncha ya mpini iliyomo ndani ya tundu. Kabla ya kuanza kazi, likague jembe lako kila siku. Usisimame mbele wala nyuma ya mtu anayelima au kupasua kuni.

Kamba, nguo na karatasi

Selulosi haimo katika mbao peke yake. Pamba safi ni selulosi kwa sehemu 90 au zaidi katika kila 100. Katani na makumbi ya nazi vina selulosi. Karatasi ya kitabu hiki imetengenezwa kwa nyuzi za selulosi. Vitu vyote hivi hunywa maji na nyuzi zake huvimba. Ndiyo maana kitabu kilichonyeshewa hunenepa na kurasa zake hukunjamana. Kitunze kitabu chako kisilowe.

Jaribio la tatu: Kamba inayoinua jiwe

Vifaa: kamba mpya ya katani yenye urefu wa mita 2 hivi, jiwe la kilo moja, kijiti, na kopo la maji.

Njia: Funga kamba katika tawi la mti, na uning'inize jiwe katika ncha yake ya chini, karibu na ardhi lakini lisiiguse. Simamisha kijiti kando ya jiwe na ukitie alama panapolingana na sehemu ya chini ya jiwe. Mwagia kamba maji polepole kutoka juu mpaka ilowe yote. Tazama alama yako.

Matokeo: Jiwe limeinuka kidogo. Kamba imekuwa nene, lakini imekuwa fupi!

Hitimisho: Nyuzi za kamba hazikunyooka, zimesokotwa na kuzungukana. Zungusha uzi mara tano katika kalamu, kisha mara tano katika chupa. Ni wapi panapohitaji uzi mrefu zaidi? Ni katika chupa, kwa sababu ni nene. Kamba inaponenepa, kila uzi wake huhitaji urefu zaidi ili kuizunguka kamba. Lakini uzi wenyewe haurefuki. Kwa hiyo kamba nzima hufupika.

Kwa sababu hiyo kamba ya katani hukaza inaponyeshewa, na fundo lake huwa gumu kufunguka. Ukimfunga mbuzi kwa kamba ya katani, usimkaze shingoni, kwa kuwa mvua yaweza kuikaza zaidi. Kamba za plastiki hazina selulosi, wala hazifupiki namna hiyo zinapolowa.

Mambo ya kukumbuka

1. Ubao umejengwa kwa seli ndefu kama mabomba. Kuta za seli hizo zina selulosi.
2. Maji huingia kati ya nyuzi za selulosi na kuzitenga. Hapo ubao huvimba.
3. Ubao huvimba kwa upana na unene. Kwa urefu huongezeka kidogo mno.
4. Kuta za seli zikisha kushiba maji, ubao hauvimbi tena.
5. Ubao huvuta maji hata kutoka katika hewa.
6. Ubao unaovimba una nguvu nyingi. Nguvu hiyo yaweza kusaidia au kudhuru.

Maswali

1. Taja mahali pawili ambapo maji hukaa ndani ya ubao. Ni mahali papi panapoufanya ubao uvimbe?
2. Kwa nini ubao hauyeyuki katika maji kama sukari?
3. Ubao una upana wa sentimita 25. Ukilowa, upana wake huongezeka kwa sehemu 4 katika kila 100. Upana wake mpya utakuwa sentimita ngapi?
4. Eleza kwa nini chombo kilichokauka huvuja siku ya kwanza, na baadaye huvuja kidogo.
5. Kwa nini si vizuri kushindilia kalafati nyingi mno katika chombo kilichokauka sana?
6. Rafiki yako hulitia jembe lake katika maji kila jioni ili likaze. Mweleze kwa nini jembe lake huzidi kulegea, na umshauri la kufanya.
7. Itazame milango na madirisha ya shule yenu wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Pima nafasi iliyo kati ya mlango na fremu mara moja kila mwezi, na uandike vipimo hivyo daftarini. Mwishoni mwa mwaka, waeleze wenzako umegundua nini.